Maswali ya wasomaji: "Mzee, kidole hakijasoma, weka tena"

Jamani meseji zenu za mwezi huu zimejaza simu yangu hadi nimekoma, na karibu zote ni wizi wa mtandaoni, huyu kaibiwa hela, huyu laini, huyu picha. Ila nilivyozisoma zote kwa pamoja kuna kitu nimekiona, kila mtu ananiuliza habari za wadukuzi, wadukuzi, kana kwamba kuna mtu kajifungia chumbani huko nje ya nchi anahangaika na simu yako, wakati ukiangalia vizuri wahusika wengi kwenye hizi barua ni wakala uliyempa kidole, fundi uliyemwachia simu, mhasibu uliyemwajiri mwenyewe. Yaani mtu alipiga hodi mkamkaribisha na kiti mkampa. Majina nimetoa, barua nimezipunguza, na zile ambazo jibu lake ni fupi nimejibu kifupi, msininunie.

Kijana wangu, habari za huko mjini. Mimi ni mzee mstaafu niko huku Mpwapwa. Mwaka jana walikuja vijana mnadani na mwavuli wanasajili laini, laini yenyewe bure, nikasajili. Kijana akaniambia mzee kidole hakijasoma weka tena, nikaweka, akasema weka kingine, nikaweka kama mara tatu nne hivi, mwisho akanipa laini nikaondoka. Juzi nimepigiwa simu na mtu anasema yeye polisi, kuna namba imemtapeli mtu wa Morogoro na imesajiliwa kwa jina langu. Morogoro huwa napita tu na basi. Je nitafungwa? Na hicho kidole kinaweza kufutwa? (Mzee, Mpwapwa)

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mshtuko. Kwanza huyo aliyekupigia usimalizane naye kwenye simu, maana matapeli nao siku hizi wanajiita afande fulani wa kituo fulani, na baada ya dakika tano anakwambia tuma laki tulimalize. Nenda mwenyewe kituoni hapo Mpwapwa na kitambulisho chako cha taifa, ulizia kama kweli hilo jambo lipo. Kama lipo utaandika maelezo, na hayo maelezo yatakusaidia kuliko kukaa nyumbani kimya unasubiri wakufuate.

Sasa hicho kidole. Wakala anaandika namba yako ya NIDA kwenye kifaa chake, wewe unaweka kidole, kifaa kinauliza kwenye kanzidata ya NIDA je hiki kidole na hii namba ni vya mtu mmoja, likirudi jibu la ndiyo laini inasajiliwa. Ndiyo moja, laini moja. Wakala mwizi anachofanya, kidole cha kwanza kimesoma vizuri tu na laini yako imeshaingia, ila anakunja uso anakwambia hakijasoma, kumbe pale ameshafungua usajili mwingine na laini nyingine anayo kiganjani, unaweka, hiyo ya pili, unaweka tena, ya tatu. Na ubaya wake ni kwamba kuna wakati kweli hakisomi, mtu aliyeshika jembe maisha yake yote ngozi ya kidole inasagika mistari haionekani, kwahiyo hata mjanja wa mjini akiwa pale hawezi kujua anadanganywa au la. Laini hizo za ziada zinauzwa zikiwa zimeshasajiliwa tayari. Tangu Januari 2020 laini zisizo na usajili wa kidole zilipoanza kuzimwa, mtu mwenye nia mbaya hawezi tena kununua laini barabarani akaitumia hivihivi, inabidi apate kidole cha mtu mwingine, ndo maana kidole cha mzee wa Mpwapwa kimekuwa mali.

Fanya hivi leo hii, mwambie mjukuu akusaidie, piga *106# kwenye simu yako ufuate maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba huijui nenda kwenye duka lenyewe la mtandao husika, sio kwa wakala wa mwavuli, useme hii namba siitambui naomba iondolewe kwenye jina langu, na uombe karatasi au hata meseji inayoonesha ulikuja tarehe fulani kuikana. Hiyo karatasi beba kituoni. Wakala naye huwa anaingia kwenye mfumo kwa utambulisho wake, kwahiyo nani kasajili ile namba na lini ni kitu kinachoulizika, waombe polisi waulize.

Kidole hakifutiki mzee wangu. Paswedi ikivuja unabadilisha jioni hiyohiyo unalala, kidole huna kingine cha kubadilisha, na ndo sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka alama za mwili kwenye kundi la taarifa nyeti. Siku nyingine ukiambiwa hakijasoma mwambie akugeuzie kifaa uone kimeandika nini, na usiondoke, piga hiyo *106# ukiwa bado umesimama pale mbele yake. Wengi wao ni vijana wazuri tu wanatafuta riziki hawatakasirika. Atakayekasirika umeshamjua.

Mambo kaka. Mi nafanya kazi stesheneri huku Ng'ong'ona, wateja wetu ni wanachuo na watu wanaoomba ajira, tunawajazia maombi ya mkopo, ajira portal, vyeti vya RITA, kila kitu. Sasa kuna jamaa kaja anataka nimpe vivuli vya vitambulisho na namba za NIDA za wateja zilizobaki kwenye kompyuta, kila kimoja buku, anadai ni kwa ajili ya kampuni ya masoko. Bosi mshahara hajanilipa miezi miwili. Mi sijamuibia mtu, wameleta wenyewe na wameacha wenyewe. Hapo kuna kosa? (Kijana wa stesheneri)

Kosa lipo, na nimefurahi umeuliza kabla hujauza.

Wameleta wenyewe, sawa, ila wameleta kwa kazi moja. Binti kakupa kitambulisho umjazie fomu ya mkopo, ukishamjazia ruhusa yako imeishia hapo. Sheria hiyohiyo niliyomtajia mzee, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa iliyokusanywa kwa sababu fulani itumike kwa sababu hiyo, ukitaka kuipeleka kwingine urudi kwa mwenyewe umuombe. Na usidhani inaongelea mabenki tu. Stesheneri inayokusanya na kutunza taarifa za watu nayo inaguswa, bosi wako kwa lugha ya sheria ni mkusanyaji na anatakiwa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile aliyoizindua Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Mtu akigundua kitambulisho chake kimeuzwa analalamika kwenye tume hiyo, na atakayetajwa kwanza ni wewe uliyekuwa umekaa kwenye kiti.

Halafu huyo jamaa wa masoko. Mtu wa masoko anataka namba za simu aanze kusumbua watu na matangazo, picha ya mbele na nyuma ya kitambulisho ya nini? Picha hiyo na namba ni za kukopea kwa jina la mtu, kufungulia akaunti, kwenda kujifanya wewe ili laini yako iriniuliwe na pesa zako zihame. Kujifanya mtu mwingine kupitia kompyuta ni kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na anayemuuzia mtu vifaa vya kazi akijua kazi yenyewe, hapo mahakamani atajieleza sana.

Nikupe kisa cha Uingereza kinachofanana na chako. Kuna maduka makubwa kule yanaitwa Morrisons. Mwishoni mwa 2013 mkaguzi wao wa ndani alikabidhiwa taarifa za mishahara ya wafanyakazi azipeleke kwa wakaguzi wa nje, kazi yake halali kabisa, akazipeleka, ila akajinakilia zake pembeni. Alikuwa na kinyongo, aliwahi kupewa onyo kazini kwa jambo dogo. Mwanzoni mwa 2014 akaziweka mtandaoni, wafanyakazi karibu 100,000, majina, mishahara, akaunti za benki. Alifungwa miaka 8. Hakuvunja mfumo wowote, alipewa mkononi kama wewe ulivyopewa.

Sasa nije kwenye hiyo kompyuta yenu, maana mimi hapo ndo panaponiuma kuliko huyo jamaa. Nilikaa kwenye stesheneri moja hapa mjini nasubiri kuprinti, nikawa naangalia kioo. Picha ya nyuma huioni kwa mafaili, CV mpya, CV mpya 2, CV mpya kabisa, Scan0113, NIDA mbele, NIDA nyuma, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mkataba wa kiwanja Nala. WhatsApp ya mteja aliyetuma faili asubuhi bado iko wazi na meseji zake zinaingia, kijana anazisoma anacheka. Pembeni counter book, ukurasa mzima umejaa majina, email na paswedi za watu kwa peni nyekundu, eti ili mteja akirudi kuangalia majibu asisumbuke. Lile daftari likipotea siku moja, watu kibao wa Dodoma wamepotea nalo. Na fotokopi zilizoharibika zimewekwa kwenye boksi chini ya meza, jioni anakuja mama wa karanga anazichukua. Nimewahi kula karanga zilizofungwa kwenye cheti cha form four cha mtu, division two, hongera zake popote alipo.

Kwahiyo kabla hatujaongelea kuuza anza na hivi. Paswedi mteja aandike mwenyewe kwa mkono wake wewe geukia pembeni, na asiyejua kuandika umwandikie lakini isiingie daftarini. WhatsApp ya mteja ikishatoa faili itolewe pale pale naye anaona. Kuwe na folda moja ya leo, kila kinachoingia kiingie humo, mkifunga inafutwa, na baada ya kufuta mnafungua na debe la taka la kwenye kompyuta mnamwaga na huko, na folda ya Downloads msiisahau maana ndo watu wanaisahau. Fotokopi mbovu chaneni, mama wa karanga atapata magazeti.

Na nyie wateja, mkiacha kivuli cha kitambulisho mahali popote andikeni juu yake kwa peni, katikati ya picha, "kwa maombi ya kitu fulani tu" na tarehe. Mtu akitaka kukitumia kwingine inampa shida.

La mshahara nalo halijanipita. Miezi miwili hujalipwa na umeachiwa siri za watu wote wa chuo, bosi wako ndo kaitengeneza hiyo hatari, bahati yake umeuliza. Ila dawa yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wanapokea malalamiko ya mishahara, nenda na ushahidi kwamba unafanya kazi pale. Huyo jamaa wa buku buku akirudi mwambie bosi amekataa, na namba yake itunze.

Ndugu mwandishi, nina ghala la mahindi Kibaigwa. Nilikuwa na kijana wa hesabu, yeye ndo anashika email na simu ya biashara. Tuligombana mwezi wa sita nikamwondoa. Baadaye wateja wangu wa Dar wananiambia wamepata email yangu inasema akaunti ya malipo imebadilika, mmoja keshalipa, na hesabu za msimu mzima zimefutwa. Nimepata mtaalamu hapa anasema kwa laki tatu anaingia kwenye simu ya huyo kijana anatoa ushahidi wote. Nimlipe? (Bosi wa mahindi)

Usimlipe. Kuingia kwenye simu au kompyuta ya mtu bila idhini ni kifungu cha 4 cha ile sheria ya 2015, na hakisemi isipokuwa kama una hasira. Utatoka kuwa mlalamikaji utakuwa mshtakiwa, na yule kijana atakuja mahakamani na shati jeupe.

Halafu bosi wangu, tulipoongea kwa simu nikakuuliza paswedi ya hiyo email ilikuwa nini ukaniambia ni jina la ghala na mwaka, na wanaoijua ni wewe, yeye, dereva, na mwanao wa sekondari. Sasa utasemaje kwa uhakika ni yeye? Inawezekana ni yeye, mi mwenyewe namshuku, ila paswedi ya watu wanne haina mwenyewe.

Cha haraka kwanza. Huyo mteja aliyelipa apige benki yake sasa hivi, sio kesho, aseme amelipa kwa udanganyifu na pesa ifuatiliwe kwenye akaunti iliyoipokea, kisha polisi mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, maana benki nyingi watakwambia leta RB. Wateja wengine wote wapigie kwa sauti yako, usiwaandikie kwenye ileile email. Hesabu zilizofutwa, kama ni Gmail vitu vikifutwa vinakaa kwenye taka siku 30 ndo vinapotea moja kwa moja, fungua leo uone. Na usifute kitu chochote humo hata hiyo email ya uongo, ndo ushahidi wenyewe, ina alama za wapi imetokea. Kwenye sehemu ya usalama ya akaunti kuna orodha ya vifaa vilivyoingia, piga picha ya kioo. Akipatikana mhusika, kufuta na kutapeli kwa kompyuta vyote vina vifungu vyake, cha 7 na cha 12.

Sasa kosa la ghala, na hili ni la maghala na saccos na maduka mengi huku kwetu. Mtu akiondoka mnamnyang'anya funguo za kufuli mnasahau zingine zote. Australia kule Maroochy mwaka 2000 kuna jamaa alikuwa fundi wa kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka, akaacha kazi, akaomba kazi halmashauri wakamnyima. Akachukua redio na kompyuta akawa anaiamrisha mitambo kutoka kwenye gari lake, lita 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye mito na bustani hadi kwenye viwanja vya hoteli. Mwanzoni wahandisi walidhani mitambo mibovu. Alifungwa miaka 2. Hakuwa na ujuzi wa ajabu, aliufahamu mfumo kwa sababu aliufunga, na hakuna aliyewaza kubadilisha kitu alipoondoka.

Wewe mtu akiondoka, saa hiyohiyo hata kabla hajafika stendi, badilisha paswedi ya email. Ila paswedi peke yake haitoshi na hapa ndo wengi mnapoliwa, angalia namba ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kurejeshea akaunti, mara nyingi ni ya kwake kwa sababu ndo aliyeifungua, unabadilisha paswedi asubuhi jioni anairudisha kwa meseji moja. Toa vifaa vyote vilivyounganishwa. Kisha simu ya biashara, laini ile imesajiliwa kwa kidole cha nani? Ukikuta ni chake basi kisheria ile laini ni yake, na wateja wako wote wanaipigia, na anaweza kwenda kuiriniu muda wowote akiwa na kitambulisho chake halali kabisa. Lipa namba nayo hivyohivyo, angalia nani ameorodheshwa. Na wateja wa mzigo mkubwa wekeaneni utaratibu, akaunti ya malipo haibadiliki kwa maandishi, inabadilika kwa kupigiana kwenye namba ya zamani mnayojuana sauti.

Usianze kumshuku kila mfanyakazi lakini. Ghala ambalo bosi anakagua simu za watu ndo linazalisha vinyongo, na wanaolipa kinyongo kwa kompyuta nimeshakuonesha wawili.

Kaka shikamoo. Nauza mboga Soko la Majengo. Nilikuwa nadaiwa na mtu wa nyanya, nikapata meseji "ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja", nikatuma. Kumbe sio yeye. Walijuaje nadaiwa? (Mama mboga)

Marahaba mama, pole sana. Hawakujua. Ile meseji inatumwa kwa maelfu ya watu, na sokoni nani asiyedaiwa? Wanasubiri yule mmoja ambaye kweli alikuwa anatafuta chenji ya kumlipa mtu. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, mara moja uombe muamala uzuiwe, ikiwa hajatoa kuna matumaini, akishatoa kwa wakala ni kazi ya polisi. Meseji yenyewe itume kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli, na ukiulizwa namba iliyokutumia iandike. Na mtu wa nyanya mpigie kila mara kabla ya kutuma.

Habari. Nilipeleka simu kwa fundi hapa mjini kubadilisha kioo, nikaiacha na namba ya siri maana alisema ataijaribu. Wiki iliyopita namba ngeni imenitumia picha zangu za chumbani inataka laki mbili la sivyo zinaenda kwa mume wangu na kanisani. Nitume nusu kwanza? (Dada, Ipagala)

Usitume hata mia, dada yangu. Ukituma nusu umemjulisha kwamba unazo na unaogopa, wiki ijayo ni laki nne. Usimtukane wala usimbembeleze, usifute mazungumzo, piga picha kioo chenye namba yake na tarehe, kisha nenda polisi. Ukiona aibu kumweleza askari wa kaunta omba Dawati la Jinsia na Watoto, wana chumba pembeni na wamezoea kesi hizi. Fundi usimwendee na kelele kwanza, akishtuka atafuta kila kitu na huo ndo ulikuwa ushahidi wako. Na kama unaweza, mwambie mumeo wewe mwenyewe kabla hajaambiwa. Najua nimeandika kirahisi.

Kwa wengine, kubadilisha kioo hakuhitaji namba ya siri kwa saa nzima. Kaa pale umfungulie wewe akitaka kujaribu. Ukilazimika kuiacha toa laini na memori kadi. Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo kwenye mipangilio, ukiiwasha fundi anaitumia simu kama mpya, picha na meseji zako hazioni. Na simu ikirudi ingia WhatsApp kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta usiyoijua itoe, usome imeunganishwa tangu lini.

Nilikopa elfu 50 kwenye app nikachelewa siku mbili, wametuma meseji kwa mama yangu, lekcha wangu na ex wangu kwamba mi ni mwizi. Namba zao wamezitoa wapi? (Mwanachuo)

Uliwapa. Siku ya kuifunga app iliomba ruhusa ya majina kwenye simu ukabonyeza kubali. Benki Kuu ilitoa orodha ya app 69 za mikopo zisizo na kibali Novemba 2024, angalia kama yako imo. Deni ni deni, ila kuwatangaza watu walio kwenye simu yako hawajawahi kukopa ni jambo la kulalamikia kwa BoT na kwa ile Tume ya taarifa binafsi. Peleka skrinishoti za lekcha na mama. Za ex sijui.

Bosi wangu akisafiri ananiachia paswedi yake niidhinishe malipo kwenye mfumo ili kazi isilale. Ni mama mzuri ananiamini sana. Kuna shida? (Mtumishi, Mtumba)

Shida ipo kwenu wote wawili, tena kubwa. Mfumo hauandiki kwamba ni wewe umekaa pale, unaandika jina lake. Na ule utaratibu wa mmoja kuandaa na mwingine kuidhinisha umewekwa ili wizi uhitaji watu wawili, sasa wewe unaandaa na unaidhinisha, umekuwa wote wawili. Siku malipo mabaya yakipita yeye atasema sikuwa ofisini, tiketi ya ndege hii hapa, na anayeonekana kujua paswedi ni wewe. Mwaka 1978 mshauri wa kompyuta kwenye benki ya Security Pacific, Los Angeles, aliingia chumba cha kuhamishia fedha, siri ya siku hiyo wafanyakazi walikuwa wameiandika ukutani ili wasihangaike kuikumbuka, akaikariri, akatoka akapiga simu, zikahama dola milioni 10.2. Na wao ilikuwa ili kazi isilale.

Usimgombeze mama wa watu. Mwambie dada wa TEHAMA kwamba mifumo mingi inaruhusu kukaimisha, unapewa idhini kwa jina lako mwenyewe, kwa tarehe maalumu, inaisha akirudi. Mwombe bosi akukaimishe kwa barua kabla ya safari ijayo. Akisema barua ya nini wakati tunaaminiana, mwambie mkaguzi hamjui hata mmoja wenu.